BWANA SHAMBA: Moshi wa Mbali Ulivyochangia Ukame

Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaijua salfa. Ni unga wa njano wanaoupuliza kwenye mikorosho ili kuzuia ubwiri unga. Leo tuzungumze juu ya salfa nyingine. Hii imo ndani ya makaa ya mawe na mafuta mazito.

Makaa na mafuta hayo yakichomwa viwandani, salfa hutoka pamoja na moshi. Ikiwa hewani hugeuka kuwa chembe ndogo sana. Upepo huzichukua mbali, hata juu ya bahari.

Huko zinafanya nini? Mvuke wa maji ukitaka kuwa wingu hushikamana na chembe. Chembe zikiwa nyingi, matone huwa mengi lakini madogo. Ni kama sufuria moja ya uji: watu wakiongezeka, kila mmoja hupata kidogo. Wingu la matone madogo huwa jeupe zaidi. Hurudisha juu mwanga wa jua, na bahari iliyo chini hukosa sehemu ya joto lake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vya Ulaya na Marekani vilitoa moshi mwingi wa salfa. Moshi huo ulichangia kupoza bahari ya Atlantiki upande wa kaskazini. Mvua za nchi za joto hufuata upande wenye joto zaidi. Kwa hiyo zilisogea kusini. Waliopata hasara ni wakulima na wafugaji wa Saheli: Senegal, Mali, Niger, Chad na majirani zao. Katika miaka ya 1970 na 1980 walipatwa na ukame mkubwa. Mifugo ilikufa. Watu wengi walikufa kwa njaa.

Wakati ule wafugaji walilaumiwa. Ilisemwa kwamba mifugo yao imemaliza majani na kufukuza mvua. Baadaye watafiti waliona kwamba sababu kubwa ilikuwa mabadiliko ya joto la bahari. Moshi haukuwa sababu pekee ya mabadiliko hayo, lakini ulichangia. Mfugaji alibebeshwa mzigo usio wake.

Mwaka 1985, huko Helsinki, nchi nyingi za Ulaya pamoja na Kanada zilikubaliana kupunguza salfa kwa asilimia 30 ifikapo 1993. Marekani ilikaza sheria yake mwaka 1990. Ziliogopa mvua ya tindikali iliyoharibu misitu na maziwa yao. Hazikuwa zikifikiria Saheli. Hata hivyo, tangu miaka ya 1990 mvua za Saheli zimerudi kiasi, na kupungua kwa moshi ni sababu mojawapo.

Ndugu msomaji, endelea kupanda miti na kukinga udongo. Kazi hiyo ni yako. Lakini mvua ikikosekana, usikubali haraka kwamba kosa ni lako peke yako. Hewa haina mpaka.

Jadilianeni katika kikundi: Mvua zikikosekana hapa kijijini, huwa tunamlaumu nani? Kwa nini?