Farasi Wameacha Kuongeza Mbio?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya farasi wa mashindano. Najua kwamba wengi wetu hatuna farasi, na tunachokijua ni kule kupita tu kando ya uwanja wa Ngong, Nairobi, siku ya mbio. Lakini kilichonileta kwenye habari hizi ni ng'ombe wa jirani yangu.

Jirani huyo ni mzee mwenye busara, naye ana ng'ombe wawili wa maziwa. Jioni moja alinijia na kipande cha gazeti mkononi, akasema, "Mwanangu, wewe ni karani, hebu nisomee vizuri neno hili. Watu wamechagua farasi bora kwa miaka mingi, na sasa wataalamu wamepima wakaona farasi hawaongezi mbio tena. Basi mimi nilipe fedha za mbegu ya fahali bora kwa faida gani? Fahali wa ng'ambo ya kijito hanidai kitu, na fedha zile nitanunulia mabati."

Sikumjibu upesi, maana gazeti lile halikusema uongo. Mwaka wa 2008 Mark Denny, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alitangaza uchunguzi wake juu ya nyakati za washindi wa mashindano makubwa ya nchi hiyo, mojawapo likiwa Kentucky Derby, lililoanza mwaka wa 1875. Aliona kwamba tangu karibu mwaka wa 1949 washindi wa Derby hawakuendelea kupunguza muda wao. Hata muda wa farasi Secretariat, aliyeshinda mwaka wa 1973 kwa dakika 1 na sekunde 59.4, haujavunjwa mpaka leo.

Hesabu hiyo ni ya kweli. Lakini hesabu hujibu swali iliyoulizwa, wala haijibu swali tulilo nalo sisi mioyoni. Denny alipima washindi. Mzee alisikia "farasi wote". Derby hukimbiwa mara moja tu kwa mwaka, na farasi wa miaka mitatu peke yao, kwa umbali wa maili moja na robo. Mwaka mzima, basi, hutoa muda wa mshindi mmoja. Mwaka huu njia ni matope, mwaka ujao ni kavu. Tena mpanda farasi hashindani na saa, bali na wenzake. Akiona kwamba atashinda kwa mwendo wa wastani, hana haja ya kumchosha farasi wake bure.

Mwaka wa 2015 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Exeter, Patrick Sharman na Alastair Wilson, walitoa hesabu nyingine. Hao walikusanya nyakati 616,084 za farasi 70,388 waliokimbia Uingereza, wakaangalia pia umbali wa shindano na hali ya ardhi. Waliona kwamba farasi wanaongeza mbio, hasa katika masafa mafupi.

Je, mzee ameshindwa nami nimeshinda? La, msomaji wangu. Hapa ndipo penye shimo la pili, nami nusura nitumbukie. Farasi wakiongeza mbio, hilo peke yake halithibitishi kwamba damu yao imekuwa bora.

Zamani mpanda farasi aliketi wima juu ya tandiko. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 wapandaji walianza kufupisha vikuku vya kukanyagia, wakainama mbele na kujiinua kutoka kwenye tandiko. Mwaka wa 2009 Thilo Pfau na wenzake wa Royal Veterinary College, London, walieleza kwamba mtindo huo ulipoenea, muda wa mashindano ulipungua kwa asilimia 5 hadi 7. Farasi bado hubeba uzito wa mtu, lakini halazimiki tena kumrusha juu na chini kwa kila hatua. Mtu aliyetazama saa peke yake angesema, "Mbegu imekuwa nzuri." Kumbe aliyebadilika ni yule aliyepanda!

Mfano mwingine ni umri. Katika nchi za kaskazini mwa dunia, farasi wote wa mashindano huhesabiwa kuwa wameongeza mwaka mmoja tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa mwezi wa Januari na aliyezaliwa mwisho wa Mei huitwa wote wa miaka miwili, ingawa wa kwanza amemzidi mwenzake karibu miezi mitano ya kula na kukua. Akishinda, usiseme kwamba Januari ni mwezi wa bahati.

Basi, ukisoma habari ya hesabu, jiulize: Ni nani waliohesabiwa, na ni nani walioachwa? Ni wangapi? Ni jambo gani jingine lililobadilika wakati uo huo? Na kilichopimwa ndicho nikitakacho mimi?

Swali hilo la mwisho ndilo nililompelekea mzee. Nilimwambia, "Baba, farasi hawa wamepimwa mbio, nawe wataka maziwa. Habari za Derby hazikukatazi kununua mbegu bora, wala hazikuamuru kununua. Uliza habari za binti za fahali huyo: ni wangapi waliopimwa maziwa, na katika mazizi mangapi? Binti mmoja katika zizi lenye majani tele hathibitishi neno. Huenda sifa ni ya majani."

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama fahali wa ng'ambo ya kijito ana binti waliopimwa. Nikamjibu kwamba hakuna aliyewahi kuwapima. "Basi huyo pia simjui," akasema.

Mabati hayakununuliwa mwezi ule. Mzee alidai karatasi ya fahali, akaiweka mbele yangu, tukaisoma mstari kwa mstari mpaka taa ikapungua mafuta, ndipo akakubali kulipa. Ng'ombe sasa ana mimba. Akizaa jike, na jike huyo naye akija kuzaa, tutachukua ndoo tupime. Kabla ya siku hiyo, mzee wala mimi hatutajisifu.