Kompyuta Isiyotiwa Viraka Haina Utulivu Wowote

Wasomaji wangu, leo nina ugomvi na mafundi wetu wa kompyuta. Ukimpelekea fundi mashine, kitu cha kwanza anachofanya ni kuzima masasisho ya Windows. Muulize sababu: "Dada, yanakula bando, halafu yanaharibu mashine. Kama inafanya kazi, usiiguse."

Sikatai, hoja anayo. Oktoba 2018 Microsoft walilazimika kusimamisha toleo jipya la Windows 10 baada ya kufuta mafaili ya baadhi ya watumiaji. Julai 19, 2024, sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na abiria wakakwama viwanja vya ndege.

Lakini jamani, tusidanganyane. Machi 14, 2017 Microsoft walitoa kiraka cha kuziba tundu moja la Windows. Wengi wakapuuza. Mei 12 mwaka huo huo WannaCry akaingia kupitia tundu hilo hilo. Hospitali za umma Uingereza zikafuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Mashine zao zilikuwa "tulivu" kabisa mpaka siku ile!

Sasa mkosaji nani? Mimi nawanyooshea kidole watengenezaji wanaochanganya dawa na mapambo. Nikihitaji kiraka, kwa nini niletewe na menyu mpya na programu nisizoziomba? Mtu akichoshwa na mapambo, anaifungia mlango hata dawa. Mbona Debian wanaweza? Tundu likigunduliwa kwenye toleo lao thabiti, kwa kawaida wanarekebisha programu ile ile uliyonayo, bila kukubadilishia kila kitu. Kumbe utulivu na usalama vinaweza kukaa nyumba moja.

Wakati tunawasubiri hao wakubwa wajirekebishe, ofisi zetu zifanye hivi: wekeni nakala ya mafaili, jaribuni sasisho kwenye mashine moja siku mbili tatu, kisha wekeni kwenye zote. Kuchelewa siku tatu ni busara. Kuzima mwaka mzima ni uzembe, hata kama aliyezima ana cheti ukutani.

Na kwa wanaolilia bando: WannaCry alidai dola 300 kwa kila kompyuta. Pigeni hesabu wenyewe.