Marekani ilivyoshusha nguvu ya mbao zake

KUANZIA Juni 1, 2012, mbao za paini zinazotegemewa na wajenzi wa kusini mwa Marekani zilipunguziwa kiwango cha nguvu kinachotumika kusanifu majengo.

Kwa mbao ya inchi 2 kwa 4 ya daraja la pili, kiwango cha kuhimili kupinda kilishuka kutoka pauni 1,500 kwa inchi ya mraba hadi 1,050, sawa na asilimia 30. Mwaka 2013, viwango vipya vya ukubwa mwingine vilipoanza kutumika, kiliwekwa kuwa 1,100.

Uamuzi huo haukutokana na kuanguka kwa jengo, bali na vipimo vya mbao zenyewe.

Kiwandani, mkaguzi aliyefunzwa hutazama ukubwa wa vifundo, mahali vilipo, mwelekeo wa nyuzi na nyufa, kisha mbao hugongwa muhuri wa daraja. Viwanda vingine hutumia mashine inayopima ukakamavu wa kila mbao.

Hata hivyo, daraja peke yake halimwelezi mhandisi mbao itabeba mzigo gani. Jibu hupatikana kwa kuvunja sampuli. Marekani na Kanada zilivunja zaidi ya mbao 70,000 katika utafiti ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970, na matokeo yakazaa viwango vya mwaka 1991.

Kinachochukuliwa si wastani. Hutafutwa kiwango ambacho mbao 95 kati ya 100 hukivuka, kisha kwa nguvu ya kupinda hugawanywa kwa 2.1, ili kufidia mzigo wa muda mrefu na kuacha akiba ya usalama. Kwa maneno mengine, mbao dhaifu ndizo zinazoamua.

Vipimo vipya vilionyesha kuwa namba za 1991 hazikuwa zikilingana tena na mbao zilizokuwa sokoni. Sababu inayotajwa zaidi ni mabadiliko ya misitu: miti ya mashambani hukua haraka na kuvunwa ikiwa michanga, hivyo mbao huwa na sehemu kubwa ya kiini cha utotoni, ambacho ni dhaifu.

Mabadiliko hayo yalikuwa na gharama. Boriti zilizoruhusiwa kuvuka nafasi fulani zilipaswa kufupishwa au kuongezwa unene, na michoro ya kenchi kupigiwa hesabu upya. Wajenzi na watengenezaji wa kenchi waliomba muda wa kujiandaa. Viwango hivyo vilihusu usanifu mpya, si nyumba zilizokwisha kujengwa.

Suala hilo linaigusa Tanzania pia. Paini za Sao Hill, wilayani Mufindi, nazo hukua haraka, na wakulima wadogo wa Nyanda za Juu Kusini mara nyingi huvuna mapema kwa kubanwa na mahitaji ya fedha. Mti mchanga una kiini kilekile dhaifu, uwe Georgia au Mafinga.

Tofauti iko sokoni. Mnunuzi wa mjini aghalabu huuliza ukubwa, bei na kama mbao imewekwa dawa. Muhuri wa daraja ni nadra kuuona. Hapo hesabu ya mhandisi hugeuka makisio, na hatari humwangukia anayelala chini ya paa.

Fundisho ni kwamba namba ya nguvu si mali ya kudumu ya mti. Msitu ukibadilika, namba nayo lazima ipimwe upya, hata kama jibu litawaudhi wauzaji.