Tahadhari Kabla ya Hatari

Katika kisiwa cha Fidalgo, jimbo la Washington nchini Marekani, wanaishi Waswinomish, wenyeji wa asili wa pwani hiyo. Kwa mkataba wa mwaka 1991, waliridhia gari moshi moja tu lenye mabehewa 25 lipite kila upande kwa siku, nao waarifiwe kila mwaka aina ya shehena. Tangu mwaka 2012, kampuni ya BNSF ilipitisha bila idhini yao magari moshi ya mabehewa 100 yenye mafuta yasiyosafishwa. Machi 2023, gari moshi liliacha reli katika ardhi yao na kumwaga dizeli. Mwaka 2024 mahakama iliamuru walipwe karibu dola milioni 400.

Fedha hizo ni haki yao. Lakini hakimu huja baada ya tukio. Mzima moto huitwa moto ukiwaka, naye hawezi kujiandaa kwa shehena asiyoijua.

Sisi visiwani hatuna reli, ila tuna bandari. Hatujaisahau Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 ikiwa imepakia kupita kiasi. Tunawasihi wakuu wanaohusika: orodha ya shehena za hatari iwafikie waokozi kabla chombo hakijang'oa nanga, na kikomo kilichoandikwa kisimamiwe gatini, kisingojee mahakama.