Risasi bila mlio

Ukipita Tandika au Manzese ukakuta kibanda cha video, na ndani kuna mtu anabwata kuliko spika, usidhani ni ugomvi. Ni filamu ya Marekani au ya Kihindi inatiwa Kiswahili. Mjini hapa aliyevuma kwa kazi hiyo ni Lufufu, na wenzetu wa Kenya wana DJ Afro wao.

Mimi filamu hizo nazipenda, sitanii. Staa wa Hollywood anageuzwa mtoto wa Temeke Mwisho! Lakini tega sikio. Jamaa akifungua mdomo, risasi zinakata, gari linalipuka kimyakimya, bibi harusi analia bila sauti. Akinyamaza, kelele zinarudi. Sababu ni kwamba kwenye kanda au diski yake maneno, muziki na milio vimeshachanganywa kama uji. Utatoaje sukari ukabakiza unga? Ukishusha maneno, umeshusha vyote.

Sasa kumbuka tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyoonyeshwa TBC mwaka 2011, ile ambayo Rais Xi Jinping aliitaja alipokuja Dar mwaka 2013. Au Sultan ya Waturuki pale Azam. Watu wanaongea Kiswahili na mlango bado unasikika ukigongwa. Siri ni kwamba filamu ya kuuzwa nje huandaliwa sauti ya pili, yenye muziki na milio tu, bila neno hata moja.

Na si suala la kubonyeza kitufe, ndugu yangu. Maiki iliyonasa sista du akisema "nakuacha" imenasa pia viatu vyake na kikombe alichotua mezani. Ukifuta neno, viatu na kikombe vinaondoka nalo. Basi mtu anajifungia chumbani, anatazama picha, anatembea upya hatua kwa hatua, anatua kikombe upya. Wenzetu wanalipwa kwa kutembea! Hata zogo la baa hurekodiwa upya, liwe zogo tupu lisilo na lugha.

Turudi Kinondoni. Prodyuza mmoja alipata mteja wa Kongo, anataka filamu yake iongee Kifaransa. Mteja akauliza, sauti isiyo na maneno iko wapi? Jamaa akatoa DVD. Filamu nzima ilirekodiwa kwa maiki moja, na muziki wa baa ya jirani humo humo. Mafaili yenyewe mhariri alishayafuta ili apate nafasi ya video ya harusi. Biashara ikafa pale pale. Waigizaji wawili walioahidiwa chao filamu ikivuka mpaka wanadai mpaka leo, na mmoja ana kodi ya chumba ya miezi mitatu.

Juzi nimemkuta prodyuza Kariakoo ananunua diski kubwa ya kuhifadhia kazi. Mkono wa pili kashika viatu vya kike vya kisigino kirefu, namba 43. Nikamtazama. Akasema ni vya studio.

Haya, tuonane wiki ijayo.