Uso wa Siti si Majivu

Ninayo fulana nyeusi iliyochapwa sura ya Siti binti Saad. Niliinunua kwa hamu, nikaivaa mara moja, na tangu siku hiyo imo kabatini. Haijachakaa wala haijanibana. Naona haya kutembea nayo, kwani mwanamke aliyemo kifuani simtambui. Mashavu yake yana rangi ya majivu, macho yametumbukia katika mashimo mawili, na kidevu kimemezwa na nguo. Ungedhani ni mtu aliyepakwa unga akasimamishwa gizani.

Nilipowalalamikia wapenzi wenzangu wa ushairi, nilipata majibu mawili. Mmoja aliniambia ati fulana ni fulana, si diwani, na mtu mzima hapaswi kuumizwa kichwa na nguo ya kuvalia sokoni. Wa pili alinifariji: kitambaa cheusi, alisema, hakiwezi kubeba uso wa mtu mweusi, ndivyo wino ulivyo, na hakuna wa kulaumiwa. Kauli ya kwanza ni dharau. Ya pili si kweli, na hiyo ndiyo hasa iliyonishikisha kalamu, kwa sababu imegeuka kisingizio cha kuwachapa wazee wetu vibaya mwaka baada ya mwaka.

Tuitazame kazi yenyewe kabla ya kuihukumu. Mchapaji wa fulana husukuma wino kwa raba ukapenya matundu ya wavu uliowambwa kwenye fremu, na kila rangi ina fremu yake. Kwa maandishi au ua, rangi bapa zinatosha. Kanga imeishi hivyo kwa muda mrefu: pindo, mji na jina, rangi mbili tatu, na mpaka wa kila rangi ukionekana wazi. Lakini uso wa mtu haukubali mipaka ya aina hiyo. Hakuna mahali shavu linapokoma ghafla kivuli kikaanza. Ndipo mafundi, hasa wa Marekani katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, walipoikuza namna ya kuigiza rangi nyingi kwa kutumia chache. Picha huvunjwa ikawa nukta ndogo mno, mistari 45 hadi 65 ya nukta katika kila inchi moja. Kisha rangi nzito sita, nane au hata kumi huchapwa moja baada ya moja, nukta za hii zikikaa kando ya nukta za ile na nyingine juu yake. Jicho likisogea nyuma kidogo huona rangi ambazo hazikuwamo katika kopo lolote.

Juu ya nguo nyeusi kuna hatua moja zaidi. Kwa kuwa weusi humeza rangi, fundi hutanguliza tandiko la wino mweupe, hulikausha juu juu kwa joto, na rangi nyingine hufuata juu yake. Hapo kwenye tandiko ndipo uso wa Siti ulipoharibiwa.

Tandiko jeupe likijazwa chini ya uso mzima, kahawia ya ngozi hupauka ikawa kijivu. Likiondolewa kabisa, kahawia huzama katika nguo isionekane. Fundi ajuaye kazi hafuati njia hizo mbili. Hulipunguza tandiko hatua kwa hatua: nukta nene penye paji la uso linapopokea mwanga, nyembamba zaidi shavuni, na hakuna hata moja chini ya taya, ambako nguo yenyewe huachiwa iwe kivuli. Juu ya tandiko hilo huja kahawia nzito, kahawia ya udongo, wekundu kidogo na manjano, na mwisho kabisa nukta chache nyeupe za kung'arisha ncha ya pua na mboni ya jicho. Kwa fundi wa namna hii nguo nyeusi ni rangi ya kwanza ya picha, tena aliyoipata bila ya kuichapa. Basi nani atakayeniambia kwamba kitambaa cheusi hakifai kwa uso mweusi? Hakuna kitambaa kinachoufaa zaidi, madhali aliyeushika anajua wapi aanze kuweka wino na wapi ajizuie.

Kujizuia huko hakuji kwa bahati. Nukta ikifika kwenye pamba hutanuka: ile iliyoonekana kuwa asilimia 50 kwenye kioo cha kompyuta huweza kuwa 65 au zaidi juu ya nguo. Asiyelikadiria jambo hili mapema huviziba vivuli vyote, na uso hugeuka kinyago. Wavu nao una kanuni yake. Kwa picha za namna hii huchaguliwa wavu wa nyuzi 230 hadi 305 kwa inchi. Ulio mpana kuliko huo hauzishiki nukta ndogo, nazo hudondoka pamoja na maji wakati wa kuosha fremu. Mtunzi yeyote wa mashairi ataitambua hali hii. Mizani na vina havimwambii la kusema, lakini humwonyesha nafasi aliyonayo, na ndani ya nafasi hiyo ndipo ustadi wake unapopimwa.

Basi nani aliyemtia Siti majivu? Nilimuuliza mchapaji mmoja, akanijibu bila ya kuficha: programu ndiyo iliyozitenganisha rangi, kwa kubonyeza kitufe kimoja. Sizilaani programu hizo. Zinaokoa muda na zinafaa kwa kuanzia kazi. Lakini programu hufuata kanuni iliyowekewa, na kanuni yenyewe ni fupi: penye mwanga tandika weupe, penye giza acha nguo. Uso mweusi ukipitishwa katika kanuni hiyo hukatwa vipande viwili, kimoja cha majivu na kimoja cha shimo. Programu haijui kwamba giza lililo shavuni mwa Siti ni ngozi, wala si kivuli. Anayelijua hilo ni mtu aliyekaa na kuutazama uso huo.

Wala si mara ya kwanza kwa chombo cha picha kutuhesabu hivyo. Katikati ya karne ya 20 kampuni ya Kodak ilisambaza katika maabara za kusafishia picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke wa kizungu. Kadi hizo ziliitwa za Shirley, na rangi zikasawazishwa kwa ngozi yake. Watu weusi wakatoka pichani meno na macho tu. Filamu zilipoanza kurekebishwa, miongoni mwa waliosikilizwa walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kwamba kahawia za bidhaa zao hazitoki sawasawa. Kahawia ya mbao ilipata watetezi, ilhali ya binadamu ilisubiri. Wao walikuwa mbali nasi na hawakutujua. Sisi tunaomchapa Siti hapa kisiwani tutajitetea kwa lipi?

Wapo watakaosema kwamba wavu na raba vimepitwa na wakati. Siku hizi mashine hunyunyiza picha moja kwa moja juu ya nguo, au huichapa kwanza kwenye filamu ikahamishiwa nguoni kwa joto. Nakiri, kwa fulana tatu au kumi njia hizo ni nafuu. Lakini mashine hizo nazo, zikifika kwenye nguo nyeusi, huweka wino mweupe nyuma ya rangi. Swali ni lile lile: weupe kiasi gani, na wapi? Kubadilisha chombo hakumwondolei mtu wajibu wa kulijibu.

Lililo gumu zaidi kulisema ni hili: wa kulaumiwa kwanza ni sisi wateja. Tunapozindua diwani au kuandaa usiku wa taarabu, twampelekea fundi picha ndogo iliyochukuliwa kwenye simu, twaagiza fulana mia mbili, twazitaka kesho, na twapatana bei ya fulana moja moja tu. Akituomba siku mbili za kutenganisha rangi na siku moja ya kujaribu, tunamhama. Kisha twashangaa kwamba vijana wenye macho mazuri wanaiacha kazi hii, au wanabaki kuchapa maneno ya kuwafurahisha watalii. Ni sisi hawa hawa ambao shairi likiletwa na mshororo wa mizani 15 mahali pa 16 tunalirudisha kwa mwenyewe. Mbona uso wa msanii wetu ukipungukiwa na shavu zima tunaupokea na kuulipia?

Tukumbuke uso unaozungumzwa ni wa nani. Siti alitoka Fumba, shamba, katika ufukara. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake, na Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kuandikiwa wasifu mzima. Katikati ya sifa zote hizo walikuwapo mjini waliomdhihaki kwa asili yake na kwa sura yake, wakamtungia wimbo wa kumdunisha, naye akawajibu kwa wimbo. Picha zake zilizotufikia ni chache, tena hazina rangi. Kwa hiyo kila anayemchapa kwa rangi leo anaamua yeye mwenyewe ngozi ya Siti ilikuwaje. Huo ni uamuzi mzito, na hatuna haki ya kuukabidhi kwa kitufe.

Ninayoyadai hayahitaji hazina ya serikali. Malipo ya kutenganisha rangi yawe mbali na malipo ya kuchapa, kwa kuwa hulipwa mara moja, na yakigawanywa kwa fulana mia mbili kila moja hubeba kidogo tu. Mteja adai fulana moja ya majaribio, iliyochapwa kwenye nguo ile ile itakayotumika, akaitazame nje kwenye jua. Picha iletwe mapema, ikiwa kubwa na safi. Na wanaofundisha vijana uchapaji wawape kazi hii kabla ya nyingine zote: uso wa bibi mmoja wa mtaani, fulana nyeusi, rangi sita, na tandiko lililopangwa kwa mkono bila ya msaada wa kitufe. Atakayeweza hilo ataweza kila kitu.

Fulana itakayotoka nikamtambua Siti nitainunua mbili, moja ya kuvaa na moja ya kuweka. Ile iliyomo kabatini sitaitupa. Nitakwenda nayo kila kikao kinachoagiza fulana, niitandaze mezani kabla bei haijatajwa, ili wanaoagiza waone kwanza dhihaka aliyojibu akiwa hai jinsi tunavyoirudia, tena kwa jina la kumheshimu.