Mwaka wa Utumishi si Mwaka wa Mshahara

Juma hili twapenda kusema na wazazi ambao mwana wao, au binti yao, amepata barua ya kwenda Ujerumani kutumika mwaka mmoja chini ya kanisa; na tungependa kijana mwenyewe naye asikilize. Barua ya namna hiyo ifikapo nyumbani huleta furaha kubwa. Kuku huchinjwa, majirani huitwa, na mara nyingi hesabu huanza siku iyo hiyo: karo ya wadogo zake, mabati ya nyumba, ng'ombe wa maziwa. Hapo ndipo taabu inapoanzia, kwa maana watu wengi hawakuelezwa utumishi huo ni kazi ya namna gani.

Asili yake ni hii. Baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945, hospitali na nyumba za wazee katika Ujerumani zilipungukiwa sana na watu wa kuhudumia wagonjwa. Mwaka 1954 mchungaji Hermann Dietzfelbinger, mkuu wa nyumba ya mashemasi wa kike ya Neuendettelsau katika nchi ya Bavaria, aliwaita vijana watoe mwaka mmoja wa maisha yao kuwatumikia wenye shida. Wito ulienea, na mwaka 1964 serikali ikatunga sheria ya kuulinda mwaka huo. Tangu mwaka 2013 serikali hiyo imefungua pia njia kwa vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kwenda kutumika huko, na baadhi yao wametoka kwetu Afrika ya Mashariki.

Basi kijana hupewa nini? Hupewa mahali pa kulala, chakula au gharama yake, bima ya ugonjwa, na fedha kidogo za mfukoni. Hapewi mshahara. Kazi yake ni ya siku nzima: kuwalisha wazee, kusukuma viti vya magurudumu, kucheza na watoto, kuosha vyombo. Katika mwaka huo hukaa darasani pamoja na wenzake siku zisizopungua 25, kujifunza na kuzungumza juu ya kazi yao.

Tuseme sasa kwamba amepelekwa Berlin, mji wenye watu zaidi ya milioni tatu na nusu. Jambo la kwanza litakalomshangaza si ukubwa wa nyumba, bali ni kimya cha watu. Katika treni za chini ya ardhi wameketi watu bega kwa bega, wala hapana amwulizaye mwenziwe habari za asubuhi. Kijana aliyelelewa kumwamkia kila mkubwa anayepishana naye njiani hudhani amechukiwa. Hakuchukiwa, ndiyo adabu ya mji ule, kumwacha mtu na mawazo yake. Lakini wako pia wenye kudharau mtu kwa rangi yake, na yafaa kijana alijue hilo mapema. Likimpata, asilifiche moyoni kana kwamba aibu ni yake; amweleze msimamizi wake.

La pili ni saa. Mjerumani akikwambia kwa lugha yake "nusu ya nane", hasemi saa nane na nusu. Maana yake ni nusu saa kabla ya kufika nane ya saa yao, ndiyo saa moja u nusu asubuhi kwa hesabu yetu. Asiyejua hayo atafika kazini saa nzima baadaye, na mzee aliyepaswa kuvalishwa atakuwa amemngoja.

La tatu ni giza. Kwetu mchana na usiku hukaribia kuwa sawa mwaka mzima. Huko, katika mwezi wa Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Kijana hutoka gizani kwenda kazini, akarudi gizani. Wengi hulemewa na huzuni wakati huo wasijue sababu. Dawa yake ni kutoka nje wakati wa mchana, hata kukiwa na baridi, na kutojifungia chumbani siku ya Jumapili, ambayo maduka mengi hufungwa na mji hutulia.

Na kuna mambo madogo yenye gharama kubwa. Katika nyumba za ghorofa za Berlin, kengele za mlangoni huandikwa jina la ukoo tu. Usipolijua jina hilo hutampata rafiki yako, hata ukiijua barabara na nambari ya nyumba. Wakaguzi wa tikiti wengi hawavai sare, na faini ya kusafiri bila tikiti iliyo halali imekuwa Euro 60 tangu mwaka 2015. Kwa mtu anayeishi kwa fedha za mfukoni, hilo ni pigo.

Hata hivyo, mji huo huo una fundisho moja tusilopaswa kulisahau. Mwaka 1894 mchungaji Johannes Burckhardt alianzisha katika Berlin huduma ya Kikristo kwenye stesheni ya reli. Wakati ule wasichana wengi walikuwa wakitoka mashambani kutafuta kazi mjini, nao waliposhuka wageni katika treni walipokelewa na watu wadanganyifu. Huduma ile iliwalaki kwanza, ikawaonyesha njia na mahali salama pa kulala. Ingaliko mpaka leo katika stesheni zipatazo 100 za Ujerumani, Waprotestanti na Wakatoliki wakishirikiana. Humpa chai asiye na makao, na humshika mkono kipofu anayebadili treni. Wanaotoa mwaka wao wa utumishi huweza kupangiwa kazi huko. Yaani wenyeji wa mji ule nao walikuwa wana wa wakulima waliopotea mjini, na aliyewasaidia ni mtu aliyekubali kusimama stesheni akingoja mgeni.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijana wetu hakwenda mikono mitupu. Wako wazee wengi huko ambao wana wao wako mbali, na siku hupita bila mtu wa kuketi nao. Ajuaye kumsikiliza mzee bila haraka, kama tulivyofunzwa kwetu, ameleta kitu ambacho mji ule mkubwa una upungufu nacho.

Lakini atawezaje kuyafanya hayo, ikiwa kila juma simu hulia kutoka nyumbani, nasi twamwambia mkono mtupu haulambwi? Kijana aliyebanwa hivyo hujinyima chakula ili atume fedha, au hutafuta kazi ya siri usiku, jambo liwezalo kumharibia kibali chake. Wengine huona haya kueleza ukweli, wakanyamaza kabisa, na mama yao akadhani amesahauliwa.

Wazazi wapenzi, fanyeni shauri hilo kabla ya safari. Kaeni na kijana, someni mkataba wake wote, tena waambieni na wajomba na mashangazi kwamba mwaka huu hautakuwa na mabati. Akipiga simu, mwulizeni kwanza amekula nini, na yule mzee anayemtunza hajambo? Nawe kijana, usipige picha mbele ya magari ya watu ukaituma nyumbani. Picha moja ya namna hiyo huvunja maelezo ya mwaka mzima. Waambie kazi unayoifanya, hata ikiwa ni kuosha vyombo. Kazi hiyo haina aibu, na atakayekupokea utakaporudi atajua alimpeleka nani na kwa sababu gani.